Shida Yako Iko Kwenye Sahani ao Kwenye Kiti? Namna ya Kuchagua Aplikasio ya Chakula ao ya Sporti



Tangu niliposema hapa kwamba nimepunguza kilo kidogo kwa msaada wa telefone, maulizo yamekuja mingi, na karibu yote ni moja: "Agronome, nichukue gani? Ile ya kuhesabu chakula, ao ile ya kufundisha sporti?" Kujibu mtu mmoja mmoja kunachosha, basi naandika mara moja kwa wote.

Jibu langu fupi ni hili: usianze na aplikasio, anza na shida. Kama shida yako iko kwenye sahani, aplikasio ya sporti haitakusaidia sana. Kama shida iko kwenye kiti, yaani unakaa siku nzima, kuhesabu maharagi hakutakuondoa pale. Jibu refu linafuata, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe ambalo lingeniumiza.

KWA NINI NI SWALI LETU

Wengi wetu tumetoka kwenye familia za jembe. Kule Masereka mama anapanda mlima na mzigo wa viazi ao poro, anashuka, anapanda tena. Yule hana lazima na aplikasio ya kumwambia "simama, tembea". Kijana wa chukudu pia hivyo hivyo. Lakini siye tuliosoma tulikaa miaka tano kwenye benchi, kisha wenye bahati wakapata biro, na safari zote ni za moto. Wenye hawajapata kazi wanakaa nyumbani, telefone mkononi. Chakula kimebaki kile kile cha mtu wa shamba, bali kazi ya shamba imetoka. Mwili unaweka akiba.

Na kwetu mtu akinenepa wanamsifu: "Eh, feza imeingia!" Baba yangu mukubwa alisifiwa vile mpaka siku alianguka kwenye biro, tansio imepanda. Alikuwa na miaka 49. Amepona, lakini mkono wa kushoto haufunguki vizuri tena. Njo maana nikianza kuona mkaja wangu unahama tundu, sikucheka.

APLIKASIO YA CHAKULA INAFANYA NINI

Ni daftari yenye kuhesabu. Unaandika kile umekula na kiasi chake, yenyewe inatafuta kwenye orodha yake, inakuambia kalori, proteini, mafuta na sukari. Hesabu ya chini ni ile ya Atwater, mwanasayansi wa Marekani wa mwisho wa karne ya 19: gramu 1 ya proteini ni kalori 4, gramu 1 ya wanga ni kalori 4, gramu 1 ya mafuta ni kalori 9. Pombe iko na 7. Ukijua hizo namba, umeshajua moyo wa aplikasio zote za namna hii: MyFitnessPal, FatSecret, Cronometer na zingine.

Tofauti yao kubwa ni orodha. Kuna zenye kuacha watumiaji wenyewe waandike vyakula, orodha inakuwa ndefu sana lakini makosa yanaingia. Kuna zenye kushika zaidi namba za maabara, orodha ni fupi kidogo lakini inaaminika. Cronometer inajulikana kwa hiyo. Kwetu tofauti hiyo ni kubwa kuliko rangi nzuri na picha, na nilijifunza kwa njaa.

KOSA LANGU: BUGALI YA GRAMU 100

Nilikuwa na kilo 78. Nikachukua aplikasio moja, jina sitalitaja, nikaandika urefu, uzito na umri. Ikaniambia nile kalori 1,800 kwa siku. Sawa. Nikatafuta "fufu ya muhogo". Ikatokea: gramu 100, kalori 350. Nikapima bugali yangu kwenye mizani: gramu 400. Kalori 1,400 kwa sahani moja! Nikaogopa. Nikakata bugali mpaka gramu 150 asubuhi na gramu 150 jioni, mboga na maharagi vikabaki vile vile. Aplikasio ikafurahi, ikaniwekea alama ya kijani kila jioni.

Siku ya tisa niko Masereka, tunapima mistari ya viazi juu ya mlima. Macho yakaingia giza, nikakaa chini kwenye udongo. Mama mwenye shamba akaniangalia, akasema: "Ee monitere, unaanguka na njaa katikati ya shamba la chakula?" Akaniletea viazi vya kuchemsha na chumvi. Nikala bila kupima.

Usiku ule njo nikafikiri kama mtu wa agronomia. Kalori 350 ni za gramu 100 za unga mkavu. Sijawahi kuona mtu anakula unga mkavu! Kilo 1 ya unga wa muhogo iko na kalori karibu 3,500. Ukiweka litre 2 za maji ya moto, unapata karibu kilo 3 za bugali. Kalori hazikuongezeka, maji njo yaliongezeka. Basi gramu 100 za bugali ni kalori karibu 120, si 350. Ile hesabu ya kitu kikavu na maji, tunaifundishwa mwaka wa kwanza kwa ajili ya chakula cha ng'ombe. Ng'ombe namfanyia hesabu vizuri, mimi mwenyewe nikajisahau. Aplikasio ilikuwa inaandika 1,800, kumbe nilikuwa nakula karibu 1,100, na ninapanda milima.

Kosa halikuwa la mashine peke yake. Mtu fulani aliandika namba ya unga chini ya jina la bugali, nami nikaamini kwa sababu ilikuwa kwenye ekrani. Basi sharti la kwanza: kila chakula chetu ukikute kwenye orodha, jiulize kama ni kibichi, kikavu, ao kimeshapikwa. Maharagi makavu ni kalori karibu 340 kwa gramu 100. Yakiisha kupikwa ni karibu 130. Muchele pia hivyo.

Kuna msaada karibu. Kenya ilitoa jedwali la vyakula vyake mwaka wa 2018 pamoja na FAO, na Tanzania ilikuwa na lake tangu 2008. Yote mawili yanapatikana bure kwenye intaneti. Mboga za majani, maharagi, muhogo, ndizi, samaki wadogo wakavu, vyote vimo, na chakula kile hakibadiliki sana kwa kuvuka mpaka wa Kasindi. Unachukua namba pale, unaiingiza mwenyewe kwenye aplikasio kama "chakula changu". Ni kazi ya jioni moja tu.

Na kama mnakula sahani moja na wadogo? Usipime mkono wako kila mara unaingia kwenye bugali, watakucheka. Pima chungu kabla ya kupika: unga kilo ngapi, mafuta vijiko ngapi, maharagi gobele ngapi. Jumlisha, gawa kwa watu. Haitakuwa sawa kabisa, lakini itakuwa karibu na ukweli kuliko namba ya mtu hujui.

KILE INAFUNDISHA VIZURI

Nikiisha kurekebisha namba, daftari ile ikanifungua macho kwa mambo matatu.

La kwanza, mafuta. Kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese ni kalori karibu 120. Ni sawa na gramu 100 za bugali! Sombe yenye kuelea kwenye mafuta inaweza kupita bugali yenyewe. Mimi nilikuwa nalaumu bugali bure.

La pili, kinywaji. Chupa kubwa ya bia ya sentilitre 72 ni kalori karibu 300. Jioni ya chupa tatu ni 900, na bado haujagusa nyama ya kuchoma. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku, ni karibu 150.

La tatu njo la maana zaidi kwa wanafunzi: si kuzidi, ni kupungua. Mtu mzima anahitaji proteini karibu gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Uko na kilo 65, unahitaji gramu 52. Sahani ya bugali ya muhogo ya gramu 400 inakupa gramu 2 hivi. Ndiyo, mbili! Mwanafunzi mwenye kukodi chumba, anakula bugali na mboga kidogo siku tano, tumbo limejaa lakini mwili unalia. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zinatoa 8 ao 9. Yai moja 6. Samaki wadogo wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni proteini. Kwa bei ya bia moja unaweza kurekebisha juma lako. Hakuna aplikasio ya sporti itakuonyesha hilo.

Kwa hiyo mimi naona aplikasio ya chakula kama mwalimu wa juma mbili ao tatu. Jifunze sahani yako, andika namba za vyakula kumi unavyokula kila siku, kisha ifunge. Kukaa nayo mwaka mzima, kupima kila embe, kunaleta wasiwasi. Chakula kwetu ni kukaa pamoja. Ukiwa mgeni kwa watu na unatoa mizani kwenye mfuko, utakuwa umewatukana.

APLIKASIO YA SPORTI INAFANYA NINI

Hii ni kocha kwenye mfuko. Inakupangia mazoezi, inaonyesha video namna ya kuyafanya, inahesabu sekunde, inakukumbusha siku ukisahau. Faida yake kubwa si elimu, ni mpango. Wengi tunajua kupiga pompu. Tunakosa mtu wa kutuambia leo ni kumi na tano, kesho pumzika.

OMS, katika maagizo yake ya 2020, inaomba mtu mzima afanye kwa juma dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri, kama kutembea haraka, ao dakika 75 mpaka 150 za mwendo mkali. Tena mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili ao zaidi. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Zile hatua 10,000 za kila siku ambazo telefone inakudai hazikutoka kwa munganga: zilianza Japani mwaka wa 1965 na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichokuwa kinauzwa. Ni namba nzuri ya kukumbuka, si sheria. Kutoka nyumbani mpaka kazini kwa miguu, kwenye milima ya Butembo, kunahesabika.

Vifaa? Hakuna lazima. Mwaka wa 2013 wataalamu wawili wa Marekani walitangaza mazoezi 12 yenye kuhitaji kiti na ukuta tu: kila zoezi sekunde 30, pumziko sekunde 10, jumla dakika 7 hivi. Aplikasio nyingi za bure zimejengwa juu ya mpango ule. Nike Training Club pia iko na programu nyingi bila kulipa. Unafanya chumbani, mlango umefungwa, hakuna mtu anakuuliza unakimbilia wapi.

Hilo la mlango si mchezo. Aplikasio nyingi zinakuambia: "Toka saa kumi na moja asubuhi, kimbia kilometre 5." Mwenye aliandika vile hajui Beni. Sisi tunajua saa ya kutoka na saa ya kurudi si maneno ya sporti tu, hata kabla ya hali ya dharura ya Mei 2021. Futingi ya siku ya Mungu asubuhi, kikundi kizima, wimbo na jasho, hiyo endelea nayo, ni nzuri kuliko aplikasio yoyote. Lakini peke yako, gizani, kwenye njia ya pembeni, kwa sababu telefone imekudai hatua? Hapana. Dakika zako zifanye ndani.

HESABU YA KUAMUA

Sasa tulinganishe. Kukimbia kunachoma karibu kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilometre. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilometre 5, anachoma karibu 350. Ni zaidi ya bia moja kubwa kidogo tu. Nusu saa ya jasho, na dakika kumi kwenye baa zinakaribia kurudisha yote.

Kwa hiyo kama lengo lako ni kupunguza kilo, sahani iko na nguvu kuliko viatu. Wengi wanakimbia miezi mitatu, mizani haitembei, wanakata tamaa, wanasema sporti ni bure. Si bure. Inasaidia tansio, inasaidia sukari ya damu, usingizi, mgongo wa mtu wa kukaa, na kichwa chenye mawazo. Kwa lisansie mwenye anangoja kazi miaka miwili, hilo la kichwa peke yake linatosha. Lakini haitafuta mafuta ya sombe.

MEGA, FEZA NA SIRI

Daftari ya chakula inakula mega kidogo, ni maandishi. Video za mazoezi zinakula nyingi. Basi telesharje mazoezi mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha fanya bila koneksio. Na ramani ya kukimbia inamaliza batri. Siku umeme umepotea utajuta.

Kuhusu feza: nyingi zinakupa siku saba za bure, kisha zinakata zenyewe kwenye kadi. Kama umeweka kadi ya banki ya yaya yako, andika tarehe ya kusimamisha kabla ya kubonyeza. Tena angalia unalipia nini. MyFitnessPal tangu 2022 imeweka kusoma barkodi upande wa wenye kulipa. Sawa, lakini maharagi ya soko letu haina barkodi, sombe haina, samaki wa Kyavinyonge hana. Utalipa dola kwa mlango hauna nyumba nyuma yake.

Siri sasa. Mwaka wa 2018 MyFitnessPal yenyewe ilitangaza kwamba akonti karibu milioni 150 ziliibiwa habari. Mwaka ule ule watu waligundua kwamba ramani ya Strava, yenye kuonyesha fasi watu wanakimbilia, ilikuwa inaonyesha kambi za askari duniani, kwa sababu askari walikuwa wanakimbia na saa zao. Kama ramani iliweza kuonyesha askari, itakuonyesha na wewe: unatoka nyumba gani, saa ngapi, njia gani, kila siku. Kwenye eneo letu, zima lokalizasio. Hauna lazima nayo kwa kupiga pompu.

BASI CHAGUA HIVI

Unataka kupunguza kilo, na haujui unakula nini: chakula kwanza, juma mbili, namba zirekebishwe kama nilivyoeleza. Kisha sporti.

Unakaa kwenye kiti siku nzima, uzito si mbaya, lakini mgongo unauma na ngazi zinakuchosha: sporti, bila kuhesabu chakula.

Uko mwembamba, unachoka, unakula bugali na majani tu: chakula, lakini angalia mstari wa proteini, usiangalie kalori. Lengo lako ni kuongeza.

Unalima, unasukuma, unabeba kila siku: usichukue yoyote ya sporti. Pumzika vizuri, kula maharagi.

Unachukua zote mbili siku moja: utaacha zote mbili ndani ya mwezi. Nimeona hivyo kwa wenzangu wa promosio, hata kwangu.

Na kuna wenye hawapaswi kuachia aplikasio kazi hii: mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa sukari na anakunywa dawa, mwenye tansio ya juu, mtoto ambaye bado anakua, na mtu ambaye akianza kuhesabu chakula hawezi tena kula kwa amani. Hao waende kwa munganga ao kwa mtaalamu wa lishe. Na ukisikia kizunguzungu ao kifua kinabana, simama, hata kama ekrani inaonyesha kijani. Mimi kijani ilinidanganya siku nane.

Leo niko na kilo 71. Aplikasio ya chakula niliifunga baada ya juma tatu. Ya sporti bado ninayo, dakika ishirini, siku nne kwa juma, chumbani. Mafuta ya mawese tumepunguza nyumbani, mama alilalamika mwezi mmoja, sasa amezoea. Baba mukubwa pia anatembea asubuhi mpaka kanisani, polepole, na fimbo.

Ombi moja kwa wadogo wenye kutafuta mada ya memwari, kwenye agronomia ao lishe: bugali yetu ya muhogo, sombe yetu na mawese yake, maharagi yetu kama inavyopikwa hapa, vinangoja mtu wa kuvipima na kuandika namba zake. Siku ile jedwali la Butembo na Beni litakuwepo, aplikasio itasoma sahani yetu vizuri, na hakuna monitere ataanguka tena kwenye shamba la viazi.